Maswali ya Wasomaji: Siku Nne Ng'ambo na Wazee

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: watoto waliojaaliwa uwezo kidogo wanataka kuwatoa wazee wao wakaone mji wa nchi nyengine kwa siku chache, wakiwa bado wana nguvu za kutembea. Tumechagua barua sita. Majibu yetu yameelemea upande mmoja, na ni vyema msomaji alijue hilo mapema: safari ya aina hii huharibika kwa kupangiwa mengi, mara chache sana huharibika kwa kukosa vya kuona.

MJI GANI?

*Assalamu alaykum. Baba yetu ana miaka 71, ana presha lakini anatembea vizuri. Mama ana 64, magoti yanamsumbua na ngazi anapanda kwa tabu. Umra walishakwenda, kwa hiyo ndege si ngeni kwao. Tunataka kuwapeleka kutembea tu, siku nne au tano. Kaka anasema Istanbul, dada anasema Dubai. Nyinyi mnasemaje? – M.S., Mpendae*

Waalaykum salaam. Kabla ya kutaja mji, pimeni mambo manne: saa za kukaa ndani ya ndege, ngazi na vilima, hali ya hewa ya mwezi mnaokwenda, na kama wazee wataweza kula na kuzungumza bila ya kukutegemeeni kila dakika. Hilo la mwisho watoto wengi hulisahau. Mzee asiyeweza kuuliza njia wala kuagiza chai yake mwenyewe huchoka moyo kabla ya miguu.

Istanbul ni mji mzuri sana, lakini mji wake wa kale umekaa juu ya vilima, njia nyingi ni za mawe na zina miteremko. Tramu inafika karibu na misikiti mikubwa, ila kutoka kituoni kuna kupanda. Januari na Februari baridi yake ni ya kweli, na safari ya ndege kutoka uwanja wetu wa Kisauni inapita saa saba. Kwa magoti ya mama yenu, nusu ya mji ataiona kutoka dirishani.

Dubai ni tambarare, lifti zipo kila mahali na treni yake ya mjini imepangwa vizuri kwa kiti cha magurudumu. Tatizo ni masafa ya ndani. Kutoka kituo cha treni cha Burj Khalifa hadi kuingia Dubai Mall ni njia ya kupita juu yenye urefu wa karibu mita 800, na hapo hujaanza kulitembea duka lenyewe. Njia hiyo ina mikanda inayokwenda yenyewe, lakini kupanda na kushuka kwenye mikanda ndiko kunakomtia khofu mtu wa magoti. Kama mtakwenda Dubai, chukueni teksi hadi mlangoni na msihesabu treni.

Nairobi na Addis Ababa ni karibu, lakini ziko juu: Nairobi kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Addis zaidi ya mita 2,300. Mwenye presha iliyotulia kwa kawaida hukaa bila ya tabu. Mwenye moyo dhaifu au pumu nzito amuone daktari wake kwanza.

Sisi tunapendelea Muscat, mji mkuu wa Oman. Ndege ya moja kwa moja ni kiasi cha saa tano, saa zao zimetutangulia kwa moja tu, chakula ni halali bila ya kuuliza, na plagi za umeme ni hizi hizi zetu za pini tatu bapa. Kubwa zaidi ni kwamba Kiswahili kimo mjini. Familia nyingi zilizotoka Unguja na Pemba zimekaa kule, na mzee wenu atakuta dukani au msikitini mtu wa kuzungumza naye, pengine hata wa kuulizana ukoo.

Muscat ina kasoro mbili za kuzijua. Kwanza, umetandazwa kando ya bahari: kutoka Mutrah na mji wa kale upande mmoja hadi Seeb upande wa pili ni zaidi ya kilomita 40, milima ikiwa nyuma yake. Hoteli ya bei nafuu iliyoko Seeb itakula saa mbili za wazee kila siku ndani ya gari. Kaeni kati, maeneo ya Qurum au Al Khuwair, au Mutrah penyewe kama wazee wanapenda kukaa kibarazani na kutazama bahari. Pili ni joto. Kuanzia Mei hadi Septemba jua la huko hupita nyuzi 40. Wakati mzuri ni Novemba hadi Machi. Januari usiku hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na kwa mtu wa Unguja hiyo ni baridi, kwa hiyo tieni sweta na soksi. Ila epukeni mwisho wa Disemba na wiki ya mwanzo ya Januari: ndege zinazotoka hapa zimejaa watalii wanaorejea makwao na bei hupanda.

Viza huombwa kabla ya kuondoka, kwa mtandao wa Polisi wa Kifalme wa Oman. Ingieni huko wenyewe, mchague uraia wa Tanzania, msome aina zinazotokea na masharti yake, ikiwemo kama inatakiwa mdhamini. Zipo tovuti zinazojifanya za serikali na kutoza ada juu ya ada. Na msilipe tiketi isiyorudishika kabla ya viza za wote kutoka. Ikikataliwa ya mmoja, safari nzima imevunjika.

VYETI NA MAJINA

*Mimi ni mtoto wa Wete, nafanya kazi mjini Unguja. Mama yangu hana cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho chake kimeandikwa mwaka tu. Pasipoti ataipata? Na kwa nini wakala wa tiketi ameniambia majina yetu "hayafanani"? – H.K.*

Ataipata, lakini anza mapema, miezi minne kabla ya safari si mingi. Kwanza nenda kwa sheha wa shehia aliyozaliwa au anayoishi, kisha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa usajili wa waliochelewa. Lililo muhimu ni tarehe. Wengi walioandikiwa mwaka tu huja kupewa siku na mwezi wa kukadiria, na hapo ndipo panapozuka balaa: cheti kinasema tarehe moja, Kitambulisho cha Mzanzibari nyengine, cha Taifa ya tatu. Uhamiaji wataisimamisha fomu kwa hilo. Panga karatasi zote tatu mezani, uzisome herufi kwa herufi, kisha sahihisha kilicho kibaya kabla hujagusa fomu ya pasipoti. Khamis na Hamis, Salum na Salim, Bakar na Bakari: kwa mashine hao ni watu tofauti.

Fomu hujazwa kwa mtandao wa Idara ya Uhamiaji, ikachapishwa na kupelekwa ofisini pamoja na vielelezo. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Mwombaji lazima afike mwenyewe kwa picha na alama za vidole. Mikono iliyoshika jembe na kuchambua karafuu miaka arubaini huwa imefutika alama, na mashine huikataa. Siku mbili tatu kabla, mama apakae mafuta mikononi asubuhi na usiku. Asubuhi ya siku yenyewe anawe na kukausha vizuri. Ngozi laini husomeka, ngozi kavu haisomeki. Kama ana pasipoti ya zamani, angalia iwe imebakisha angalau miezi sita kuanzia siku ya kuingia nchi mnayokwenda.

Kuhusu majina, wakala yuko sahihi. Sisi mke habadilishi jina kwa kuolewa, na jina la mwisho la mtoto ni la babu. Baba akiwa Ali Khamis Juma, mtoto ni Hamad Ali Khamis, na mama ni Asha Omar Faki. Watu watatu wa nyumba moja, majina matatu ya mwisho. Kompyuta ya shirika la ndege haioni familia hapo, itawatawanya viti. Kwa hiyo kateni tiketi zote kwa pamoja, chini ya nambari moja ya uhifadhi, na mchague viti siku hiyo hiyo. Jina la kila mmoja liandikwe kama lilivyo kwenye ile mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Usiandike jina la mtaani. Jina likikosewa, mashirika mengi hulipisha kulisahihisha, na mengine hutaka tiketi mpya. Chukua pia nakala ya cheti chako cha kuzaliwa, maana ndiyo karatasi inayothibitisha kuwa huyu ni mama yako.

SUKARI, MAGOTI NA NDEGE

*Baba ana kisukari na anajidunga insulini mara mbili kwa siku. Mama hawezi kutembea masafa marefu lakini hataki kuonekana mgonjwa. Kitu gani tuandae? Na chanjo ya homa ya manjano ni lazima? – Bint Suleiman, Fuoni*

Tuanze na insulini, kwa sababu hiyo ikiharibika safari imekwisha. Isitiwe kabisa kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Huko chini inaweza kuganda, na insulini iliyoganda hata ikiyeyuka haifai tena, ingawa kwa macho huoni tofauti. Iwe mkononi, ndani ya kifuko cha kuhifadhi ubaridi, na barafu isiiguse chupa moja kwa moja. Ifungeni kwa taulo ndogo. Chupa au kalamu ambazo hazijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyokwisha kuanzwa nyingi hukaa nje ya friji kiasi cha wiki nne, ikiwa joto halipiti nyuzi 25 hadi 30 kulingana na aina. Soma karatasi ya ndani ya boksi. Chukueni mara mbili ya kiasi cha siku mlizopanga, mgawe kwenye mabegi mawili ya mkononi: la baba na lako. Mashine ya kupimia, betri ya akiba, sindano, na kitu cha sukari cha haraka, kama vidonge vya glukosi au boksi dogo la juisi. Sheria ya maji ya mililita 100 haizuii dawa, lakini lazima uzitoe na kuzionesha.

Muombeni daktari barua ya Kiingereza yenye jina la mgonjwa kama lilivyo pasipoti, jina la kitaalamu la kila dawa, kipimo, na sababu ya kubeba sindano. Dawa zote zikae kwenye maboksi yake. Oman ni wakali kwa dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli. Bila ya barua ya daktari msizibebe. Na ile mizizi na unga wa dawa za kienyeji ndani ya chupa isiyo na jina iacheni nyumbani, hata kama bibi ameisisitiza. Afisa wa forodha hana njia ya kujua ni nini.

Saa moja ya tofauti haibadilishi mengi katika ratiba ya sindano, lakini mwulizeni daktari. Kinachomdhuru mwenye sukari safarini hasa ni kudungwa kabla ya chakula na chakula kuchelewa. Asijidunge ndani ya ndege mpaka sinia liko mbele yake. Na kule Muscat jihadharini na ukarimu: kila unapokaribishwa pana tende, halua na kahawa. Kahawa yenyewe haina sukari. Baba anywe kahawa, ale tende moja, na aliyemkaribisha aambiwe mapema ili asiendelee kumlazimisha.

Sasa mama. Msaada wa kiti cha magurudumu ni haki ya abiria na haulipiwi, wala si alama ya ugonjwa. Uombwe wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla. Mashirika yana daraja tatu, na mkikosea mtaletewa kisichofaa: WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi masafa, WCHS hawezi ngazi, ila ndani ya ndege anajiendea mwenyewe, WCHC hawezi kutembea kabisa. Kwa mlivyoeleza, mama aombewe WCHS kama ngazi za ndege zinamtisha, maana kwenye viwanja vingi mtu hupandia ngazi za nje. Mwambieni kwa uwazi kwamba mwenye kiti hupitishwa njia fupi kwenye foleni za ukaguzi, na nyinyi mlio pamoja naye mara nyingi hupita naye. Hoja hiyo huwalainisha wengi.

Kiti chake ndani ya ndege kiwe cha pembeni mwa njia ya kupita. Goti baya likiwa la kushoto, akae upande wa kulia wa ndege, ili mguu huo ndio uwe upande wa njia na aweze kuunyoosha. Safu ya mlango wa dharura msiiombe; hawaruhusu mtu wa namna yake kukaa hapo. Safari ya saa tano inatosha kuvimbisha miguu na, kwa baadhi ya watu, kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu. Kila saa azungushe vifundo, anyanyue visigino na vidole mara ishirini, asimame mara mbili tatu, na anywe maji. Wazee wengi hawanywi kwa kukhofia kwenda msalani; kwa hiyo apelekwe kabla ya chakula kugawiwa na tena kabla ndege haijaanza kushuka, asifike mahali pa kujizuia. Viatu viwe makubadhi ya kufunguka au raba za kulegezwa.

Homa ya manjano: baadhi ya nchi humtaka msafiri kutoka upande wetu aoneshe ile kadi ya njano, kwa hiyo hesabuni kuwa mtaulizwa. Cheti huanza kufaa siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 kinadumu maisha. Basi waliochanjwa zamani watafute kadi zao, hawahitaji kurudia. Aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa asiende kudungwa harakaharaka: chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo wanaoipata kwa mara ya kwanza. Daktari akiona haifai, huandika cheti cha msamaha, na ubalozi au shirika la ndege liulizwe kabla kama watakipokea.

Bima ya safari isomeni vifungu viwili tu kabla ya kulipa: ukomo wa umri, kwani nyengine huishia miaka 65 au 70, na neno lao kuhusu ugonjwa uliokuwepo kabla. Bima isiyogusa sukari ya baba haina maana kwa baba.

RATIBA YA SIKU NNE

*Tumeshaamua Muscat, wazee wawili na mimi na mume wangu. Mume wangu ameandika orodha ya sehemu kumi na nne. Naona nyingi. – Umm Rayyan, Kiembesamaki*

Ni nyingi. Kata hadi sita. Kipimo chetu ni jambo moja la asubuhi, mapumziko kutoka Adhuhuri hadi Alasiri hotelini, na jambo moja la jioni. Kila mwendo wa nusu saa uwe na mahali pa kukaa na choo kilicho karibu.

Ondokeni Jumatano mrudi Jumapili, ili Ijumaa iangukie katikati. Siku ya kufika msipange kitu zaidi ya kutembea kidogo magharibi kwenye njia ya ufukweni ya Mutrah, yenye mabenchi na majahazi ya kutazama.

Alhamisi asubuhi ni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001. Jumba kuu la swala linachukua watu 6,500, na zulia lake ni kipande kimoja cha mita 70 kwa 60 kilichofumwa kwa mkono nchini Iran, uzito wake tani 21. Mwislamu huingia kuswali wakati wowote, lakini wakati wa swala wanawake wana ukumbi wao mbali. Mkitaka baba na mama walione zulia na taa kubwa ya kati wakiwa pamoja, nendeni saa za wageni, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Fikeni saa mbili kasoro robo. Baada ya saa nne marumaru za uwanjani zinarudisha mwanga machoni na vikundi vya watalii vinajaa. Kutoka maegesho hadi ukumbini ni mwendo, kwa hiyo mama apelekwe kwa kiti cha magurudumu. Hoteli nyingi huazima, ulizeni siku moja kabla.

Jioni yake ni soko la Mutrah. Maduka hufungwa mchana, kiasi cha saa saba hadi kumi, na watu wengi hupoteza safari kwa kufika saa nane. Ubani ndio wa kununua hapo: ule wa hojari kutoka Dhofar, kusini mwa Oman, mweupe wenye kuelekea kijani, ndio bora, na wa manjano na kahawia ni wa bei ya chini. Mama zetu wanaujua ubani kuliko muuzaji, waachieni wao wachague. Njia ya soko inapanda taratibu kuelekea ndani. Ingieni kwa upande wa bahari, mtembee hadi mama achoke, mrudi kwa njia hiyo hiyo inayoteremka.

Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa, na hiyo ni neema. Lala, swala ya Ijumaa, kisha jamaa. Hapa tunasema kwa mkazo: mkiwa na jamaa Muscat, wao ndio watakaoimaliza safari yenu kwa wema. Kila nyumba itataka kuwalisha, mchana shuwa (nyama ya Kiomani ya kuokwa ardhini), usiku biriani, na wazee hawana ulimi wa kukataa. Kabla hamjaondoka nyumbani, chagueni nyumba moja kubwa ikusanye wote Ijumaa mchana, na wengine waje kuwasalimu wazee hotelini baada ya Isha, dakika arubaini. Atakayekosa kulisha atakasirika siku moja. Mzee aliyezidiwa sukari na usingizi atalala siku mbili zilizobaki.

Jumamosi ni mji wa kale: Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2016, yana lifti na ubaridi, yanaelekeana na kasri la Al Alam. Wazee waliosoma historia ya Sayyid Said na Unguja watakaa humo kuliko mlivyotarajia; wapeni saa mbili kamili. Ngome za Al Jalali na Al Mirani, zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580, zitazameni kwa nje tu, ndipo panapopendeza picha. Nizwa iacheni. Ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwenda, na mwengine kama huo kurudi.

Hoteli: msikubali neno la simu, ombeni picha ya bafu. Beseni la kuogea lina ukingo wa kufika gotini, na kuuvuka kwa miguu iliyolowa ndiko wazee wanakoanguka. Takeni bafu la kuingia sawa na sakafu, kiti cha plastiki cha kukalia, na zulia la mpira. Vyumba viwe ghorofa moja, milango jirani. Na mama akipanda teksi akae mbele: kwanza akae kitini miguu ikiwa nje, ndipo aizungushe yote miwili kwa pamoja.

FEDHA

*Sisi ni ndugu watano, tunachanga. Tuchange kwa hesabu gani, na wazee tuwape pesa mkononi? – K.A., Chake Chake*

Hesabu iwe na mafungu matatu. La kwanza hulipwa kabla: tiketi, viza, hoteli, bima. La pili ni la kila siku: chakula, teksi, viingilio. La tatu ni akiba isiyoguswa, itoshe angalau kubadilisha tiketi za wazee wote wawili wakihitaji kurudi mapema, na ikae kwa mtu mmoja. Michango yote ipokewe kabla ya kukata tiketi. Anayesema "nitatuma mkiwa huko" asihesabiwe.

Riali ya Oman imefungwa kwa dola tangu 1973: riali moja ni kiasi cha dola 2.60, kwa hiyo dola 100 hutoa kama riali 38. Riali ina baisa 1,000, na bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. 2.500 ni riali mbili na nusu, si elfu mbili na mia tano. Wafundisheni wazee hilo kabla ya kufika sokoni, maana mmoja atashtuka na kuacha kununua, na mwengine atatoa noti isiyo yake. Teksi za barabarani patana kabla ya kuingia, au tumieni programu ya OTaxi ambapo bei huonekana mapema.

Wapeni wazee pesa mkononi, tena kila mmoja zake, noti ndogondogo. Mama anayelazimika kumwomba mwanawe kila akitaka kununua kitu hatanunua, na atarudi na majuto. Halua itiwe kwenye begi la chini. Mkononi inaweza kuzuiwa kwa kuhesabiwa miongoni mwa vitu laini. Mabegi ya kwenda yasizidi nusu ya uzito mlioruhusiwa, kwa sababu hakuna mzee wa Pemba atakayerudi bila ya zawadi za mtaa mzima.

SAA ZA TIKETI, NA BOTI

*Tiketi inasema 00:40 tarehe 12. Wazee wako Mkoani. Waje Unguja lini? – J.M., Mkoani*

00:40 ni saa sita na dakika arubaini za usiku, na tarehe 12 kwa hesabu ya shirika la ndege imeanza dakika arubaini tu nyuma. Kwa hiyo nyumbani mnaondoka jioni ya tarehe 11, na kaunta mfike saa tatu na nusu usiku. Kosa hili huwakuta wengi kwetu, kwa sababu mzee akiambiwa "usiku wa tarehe 12" anaelewa usiku mmoja na tiketi inaelewa mwengine. Waandikieni kwenye karatasi siku, si tarehe peke yake: "Jumanne baada ya Isha."

Wavuke tarehe 10, walale Unguja usiku mmoja. Boti ya siku hiyo hiyo msiiamini. Upepo ukichafuka huahirishwa, hasa wakati wa kusi, na mtu aliyetapika njia nzima hawezi kuingia tena kwenye ndege ya saa tano. Vidonge vya kichefuchefu vinywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya boti kung'oa nanga, baada ya kuuliza kama vinapatana na dawa za presha. Wakipendelea ndege ndogo kutoka Pemba, ulizeni uzito wa begi unaoruhusiwa, mara nyingi ni kilo 15 tu. Na kurudi hivyo hivyo: mkitua Kisauni alfajiri, wapate chai na usingizi mjini, boti iwe ya siku ya pili yake.